Mwanangu Ataonja Kwanza

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnakumbuka nilipowaacha: nimekaa ndani ya gari la mume wangu, nyumbani kwetu Campbelltown, Sydney, chupa ya manukato mkononi. Kwa anayenikuta leo, mimi ni Elvire, Mrundi niliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Kazi yangu ni kulea wazee, mume wangu ni Égide, na mtoto Mungu hajatujalia bado. Mama mkwe wangu, Mama Concilie, tunaishi naye.

Wengi mmenitumia ujumbe mkinisihi niache wivu. Nawashukuru, lakini hamkuwa ndani ya nyumba ile.

Hebu pimeni ninyi wenyewe. Mwanaume aliyekuwa hajui manukato ni nini, ghafla anajimwagia mpaka jirani anapiga chafya. Anahama chumbani, analala gereji, eti anakoroma. Chakula anakula peke yake, sisi tukishamaliza, tena amesimama. Juvénal, mwenzake wa kazini kule ghalani Auburn, aliyekuwa akimpitia kwa gari kila asubuhi, haji tena. Gari bovu, naambiwa.

Jumatano nikabandika maharage, nikamwomba ayaangalie wakati naenda dukani mara moja. Narudi, harufu ya kuungua nimeipokea barabarani. Sufuria jeusi. Yeye amekaa sebuleni, mlango wa jikoni uko wazi, anatazama mpira.

Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema hakusikia harufu yoyote, akainuka akaenda kulala. Mwanaume anayewaza mwanamke, nikajiambia, hasikii hata harufu ya moto.

Na mwanamke mwenyewe nilishampata, kichwani mwangu. Cherotich.

Cherotich ni Mkenya, nesi wa hospitali ya Westmead. Ndiye aliyemuuguza Mama Concilie alipopandikizwa figo kabla ya corona kuja, na tangu hapo amekuwa mtu wa nyumbani kwetu. Mrefu, mcheshi, hana mume. Akiingia nyumbani kwangu anafungua friji bila kuomba ruhusa.

Tena ndiye aliyetutia hofu. Corona ilipoanza alitukalisha chini mimi na Égide, akatueleza kwamba dawa anazomeza Mama, zile za kuuzuia mwili usilikatae figo, zinamuacha hana kinga. Hata chanjo kwa watu kama yeye huwa haishiki vizuri. "Hii kitu ikiingia hapa," alisema, "nyinyi mtakohoa na mtapona. Mama hatapona."

Basi tukaishi kama watawa. Mimi napimwa kazini, nikirudi naoga kabla ya kumsalimu mtu. Mama havuki geti ila kwenda kliniki. Misa anasikiliza kwenye simu, na wajukuu wa majirani anawapungia mkono dirishani.

Novemba ile ya mwaka 2021 wakatufungulia. Watu wa Sydney wakaruhusiwa kutoka mjini kwenda mashambani, na Mama alikuwa na ombi moja tu: aone watu wanaolima. Amekulia jembeni yule, na tangu aje Australia hajaona shamba ila kwenye televisheni.

Cherotich akapanga safari. Tungevuka milima mpaka Mudgee, huko kwenye asali, jibini, cheri na mashamba ya zabibu, kila kitu kinaonjwa nje, hewani. Daktari wa Mama alikubali, akasema hata akionja mvinyo kidogo hautamdhuru.

Nilikubali kwa furaha. Siyo furaha ya mvinyo. Mtu unayemshuku, mtoe nyumbani, mpeleke mbali, umtazame.

Siku ya safari tukawa na magari mawili. Mimi naendesha letu, Mama nyuma. Nikamngoja mume wangu akae pembeni yangu. Égide akavaa barakoa, akaenda moja kwa moja kwenye gari la Cherotich.

"Nitamuonyesha njia," akasema.

Njia ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuipita. Na Cherotich ana simu inayosema pinda kulia, pinda kushoto. Nikanyamaza, maana Mama alikuwa anasikia.

Safari nzima nikawa nyuma yao. Milimani kuna baridi hata Novemba, lakini madirisha ya gari lile yalikuwa wazi yote manne, nywele za Cherotich zinapepea nje. Mimi nikaona mapenzi ya kwenye sinema. Mama Concilie akaniuliza mbona nimenuna tangu tulipopita Penrith. Nikasema jua linaniumiza macho. Jua lenyewe halikuwepo.

Tuliposimama Lithgow kutia mafuta, Cherotich akanijia amejikunyata.

"Elvire, huyu bwana yako ameoga na perfume? Na amekataa tufunge madirisha kabisa. Nime-freeze."

Nikamtazama machoni nikitafuta haya. Sikuiona. Nikasema moyoni, mwizi huyu ana ujasiri, anakuja kumlalamikia mwenye mali kwamba mali inanuka. Nilipogeuka kumtafuta Égide nikamuona kule mwisho wa uwanja, anakula mkate peke yake, ametupa mgongo. Mama alimpungia mkono. Naye akampungia, lakini hakusogea.

Hilo liliniuma kuliko manukato. Égide ni mtoto wa mamaye. Usiku ule wa operesheni alilala sakafuni hospitalini, walinzi wakamfukuza, akarudi. Mwanamke gani huyu, nikajiuliza, anayeweza kumsahaulisha mtu mama yake?

Mudgee kulikuwa kuzuri, sikatai. Mama alishuka kwenye gari akachukua udongo akausugua kwa vidole, akatabasamu nyuma ya barakoa. Tukaanzia kwa mtu wa jibini. Akatutolea ya mbuzi, tukala. Akatutolea nyingine yenye mistari ya buluu, akatuonya. Ilikuwa inanuka soksi. Mama alicheka akarudisha kiti nyuma, mimi macho yakanitoka machozi.

Cherotich akachukua kipande kikubwa kwenye karatasi, akampelekea Égide aliyekuwa ameegemea ua mbali na sisi. Mume wangu, ambaye hata samaki mkavu humkimbia, akashusha barakoa, akatia kipande chote kinywani. Akatafuna taratibu, uso umetulia kabisa.

"Wee, huyu ni mwanaume," Cherotich akasema huku akicheka.

Nikaona sasa wananicheza shere mchana kweupe. Kwangu anakataa dagaa, kwa huyu anakula uozo.

Tukaingia shamba la zabibu. Mwenye shamba ni mzee wa Kizungu, kofia ya majani, barakoa ya kitambaa. Tukapitisha simu zetu kwenye ile alama ya kujiandikisha pale getini, akatupa meza chini ya kivuli cha turubai. Kabla sijakaa nikamuona Égide anachepuka na simu sikioni, anaingia katikati ya mizabibu.

Nikamwambia Mama naenda msalani.

Mizabibu ya Novemba ina majani ya kutosha kumficha mke mwenye shaka. Nikapita mstari wa pili, nimeinama, viatu vinazama kwenye tope la mvua ya juzi. Nikamsikia. Alikuwa anaongea Kirundi, kwa sauti ya chini.

"Elvire hajui kitu," akasema. "Hapana, na Mama hajui. Mimi na wewe tulikuwa wawili tu ndani ya gari lile, nani mwingine? Usilie. Tukirudi nitakwenda, nitamaliza jambo hili."

Nikageuka nikatazama mezani.

Kirundi. Cherotich hajui Kirundi hata cha salamu, na wakati ule nilikuwa namuona pale mezani anamfungia Mama kitambaa shingoni. Kumbe nilikuwa nimemsingizia mtoto wa watu. Kuna mwingine, tena wa kwetu, analia kwenye simu, na walikuwa wawili tu ndani ya gari.

Nilirudi mezani kabla yake. Nilikuwa nimeshaamua: tukifika nyumbani mmoja wetu analala nje. Cherotich akaniuliza kama niko sawa. Nikashindwa kumtazama.

Mwenye shamba akaleta ubao wenye glasi ndogo ndogo za kuonjea. Akaeleza kwa Kiingereza, mimi nikamtafsiria Mama. Hizi mbili ni mvinyo mweupe, hizi mbili mwekundu. Ile ya mwisho, nyekundu pia, ni siki ya zabibu, mnachovya mkate pamoja na mafuta ya zeituni. Akaweka ubao mbele ya Mama, akarudi nyuma hatua kadhaa kama kanuni zinavyotaka.

Mama hakugusa kitu. Akaniambia, "Mwambie anywe kwanza."

Niwaeleze wasio wa kwetu. Kwetu Burundi anayekupa kinywaji huonja kwanza yeye, mbele ya macho yako, kisha anakupa kilekile alichoonja. Ndivyo anavyokuapia kwamba hakukutilia sumu. Asiyetaka kuonja, kinywaji chake usikiguse hata ukifa kwa kiu. Na kikishaonjwa, kukikataa ni kumwita mtu yule mlozi.

Nikamfikishia mzee. Akasikitika kwa adabu. Akasema angependa sana, lakini COVID hairuhusu, hawezi kunywa kwenye glasi ya mgeni. Nikamtafsiria Mama, nikalainisha nilivyoweza.

"Haonji cha kwake mwenyewe," Mama akasema. "Basi mwanangu ataonja kwanza."

Akamuita. Égide alikuwa ndiyo kwanza anatoka kwenye mizabibu, anafuta simu kwenye suruali. Alisimama mbali na meza, akaambiwa anachotakiwa kufanya, na nikaona anarudi nyuma hatua moja.

Égide akasema mimi nipo, nionje mimi. Mama akasema mtoto wa tumbo lake yupo, kwa nini aonjewe na mtoto wa mwenzake. Égide akasema basi Mama aache, mvinyo si mzuri kwa figo. Cherotich akadakia kwamba daktari amekubali. Égide akasema koo linamuuma. Mama akanyamaza, akamtazama. Mama Concilie akinyamaza hivyo, hata paroko husogea.

"Égide," akasema taratibu. "Unaogopa kunionjea?"

Hakuna mwana wa Kirundi anayeweza kuondoka na swali lile mgongoni. Akaja. Akashusha barakoa, akanyoosha mkono kwenye ubao.

Mkono ukaenda kwenye glasi ya mwisho.

Hapa naungama, wasomaji wangu, na mnihukumu mnavyotaka. Niliona. Yeye hakuwepo mzee alipoeleza, hakujua kwamba ile ni siki. Mimi nilijua. Neno moja tu lingetosha. Nikalimeza neno lile kwa hasira, maana bado nilikuwa nasikia masikioni "wawili tu ndani ya gari." Nilitaka imuunguze koo, akohoe, aaibike mbele ya mama yake na mbele ya Mzungu. Cherotich alikuwa amegeuka anapiga picha milima. Nikafunga mikono nikangoja.

Égide akanywa nusu ya glasi.

Nikangoja akunje uso. Hakukunja. Nikangoja akohoe. Akalamba midomo, akatabasamu kidogo kwa mama yake.

"Nzuri, Mama," akasema. "Laini. Tamu kama juisi."

Akampa glasi. Mama akaipokea kwa mikono miwili.

Mimi nilikuwa bado nimefunga mikono. Harufu ya ile siki ilikuwa inanifikia pale nilipokaa, kali, ya kupenya puani, na mtu aliyeinywa anasema ni tamu. Nikatazama ule uso uliotulia. Uso uleule wa kwenye jibini. Halafu mambo yakaanza kuniporomokea moja baada ya jingine: maharage, manukato anayojimwagia akijaribu kama pua bado inasikia, gereji, mkate anaoula mbali, madirisha yaliyofunguliwa kwenye baridi. Na Juvénal, aliyekuwa akimpitia kila asubuhi, wawili tu ndani ya gari lake, mpaka gari likawa bovu ghafla. Juvénal anayelia kwenye simu.

Hakukuwa na mwanamke.

Nawaambia ukweli wa Mungu, wakati ule ningelipa chochote awepo. Awe na mwanamke, awe na wawili, awe na nyumba ndogo Auburn na watoto mapacha. Mwanamke angenivunjia ndoa tu.

Mama alikuwa ameshashusha barakoa kidevuni, glasi inakwenda mdomoni. Nikamrukia nikamshika mkono.

"Mama, usinywe."

Kiti cha Cherotich kikagonga meza. Mzee wa shamba akageuka. Mama akautazama mkono wangu juu ya mkono wake, kisha akanitazama mimi.

"Toa mkono, mkaza mwana."

"Mama, ile ni siki. Siyo mvinyo."

"Mwanangu ameonja. Amesema tamu."

"Hajui alichoonja, Mama. Hasikii ladha. Muulize." Nikamgeukia Égide, sauti yangu siijui tena. "Mwambie. Mwambie Juvénal anaumwa nini."

Égide akatazama glasi iliyo mkononi mwa mama yake. Nikaona machoni mwake mtu aliyejificha siku nyingi, sasa mlango umesukumwa, naye bado anaushikilia kwa ndani. Cherotich akaanza kusema "Égide, ngoja, ngoja, unamaanisha—" lakini alikuwa upande wa pili wa meza, na Mama hakuwa anamsikiliza yeye.

Mama alikuwa ananisikiliza mimi, na alichosikia hakikuwa nilichosema. Alisikia mke aliyenuna tangu asubuhi. Mke asiye na mtoto, anayekagua mifuko ya mumewe, na sasa anamzuia mama mtu kunywa alichoonjewa na mwanawe, mbele za watu.

"Mmegombana tangu nyumbani," akasema kwa upole. "Mimi si kipofu. Ya kwenu mtayamaliza. Lakini huyu ni mtoto wangu, usimfanye mlozi mbele yangu."

Akauondoa mkono wangu, kidole kimoja kimoja, kama anavyomtoa mtoto kwenye moto. Nilikuwa na nguvu za kuipiga ile glasi ikaruka. Nimelelewa kutoinua mkono mbele ya mzazi, na malezi yakanishinda.

Akanywa yote, ili sote tuone.

Ikamkamata palepale. Mabega yakapanda, macho yakajaa maji. Alikuwa bado hajameza, mashavu yamejaa, anaisikia ladha ile na anamtazama Égide. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba mwanawe hakumdanganya. Mwanawe hakuwa anajua.

Naye Égide akaona lile shavu la mama yake linatetemeka, akajua mwenyewe alichompa. Akapiga magoti kwenye nyasi.

"Tema, Mama," akasema. "Nina corona. Tangu wiki iliyopita nadhani ninayo, niliogopa kupima. Tema, tafadhali."

Cherotich alikuwa ameshazunguka meza, kitambaa mkononi, amekiweka chini ya kidevu cha Mama na kumuomba ateme hapo. Mzee wa shamba alikuwa amerudi nyuma mpaka kwenye nguzo ya turubai. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza, namuomba Mungu wa mama yangu na wa baba yangu.

Kutema mbele za watu alichokuonjea mwanao ni kumkana. Mama Concilie aliyajua hayo kuliko sisi sote. Alimtazama Égide pale chini, machozi yanamshuka mpaka kwenye barakoa iliyoning'inia kidevuni. Akakisukuma pembeni kitambaa cha Cherotich, akaweka mkono kwenye kichwa cha mwanawe.

Halafu akameza.